Programu za Simu na Stadi za Utafiti wa Maktaba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa sekondari au wa chuo mwenye kazi ya utafiti ya kukabidhi, ambaye sehemu kubwa ya utafutaji wake anaufanya kwa simu. Walimu na wakutubi nao huenda wakapata humo la kuwafaa.

Programu hizi ni zipi, na kila moja hufanya kazi gani?

Ziko za aina kadhaa, na wengi huzichanganya. Zipo kwanza programu za maktaba zenyewe, ambazo humwezesha mwanachama kupekua katalogi, kuwekesha kitabu kilichoazimwa na mwingine, na kuongeza muda wa kukaa nacho bila kufika dirishani. Zipo za kuazima vitabu vya kidijitali, kama Libby ya kampuni ya OverDrive, iliyotoka mwaka 2017, ambayo hufanya kazi kwa mwenye kadi ya maktaba iliyojiunga na huduma hiyo. Zipo za kufuatilia majarida ya kitaaluma, mfano BrowZine, ambayo hupanga majarida yaliyolipiwa na maktaba yako kulingana na fani. Zipo pia za kutunza marejeleo, yaani taarifa za vyanzo ulivyotumia, na hapa Zotero ndiyo inayotajwa zaidi: ilianza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani, haina malipo, na baada ya miaka mingi ya kutumika kwenye kompyuta ilipata programu ya iPhone na iPad mwaka 2022, kisha ya Android. Mwisho ni zile ambazo hazikubuniwa kwa ajili ya maktaba hata kidogo, yaani kamera, skana na daftari la simu, ambazo kwa kweli hutumika kuliko zote zilizotangulia.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayomfundisha mtu utafiti. Zinachofanya ni kupunguza kazi ya mikono, na ubora wake tunaupima kwa swali moja: mwezi mmoja baada ya kuitumia, je, unaweza kuonyesha kila ulichokiandika umekitoa wapi? Programu isiyokusaidia kujibu swali hilo, hata ikiwa na rangi za kupendeza, haina kazi katika utafiti.

Nianze na ipi?

Anza na programu ya kutunza marejeleo, tena kabla hujaisoma makala ya kwanza. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: husoma kwa wiki kadhaa, huandika, halafu usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi huanza kutafuta ile sentensi nzuri waliikuta katika ukurasa gani wa kitabu kipi. Aina moja ya programu ikishazoeleka, ongeza nyingine pale tu unapoona pengo. Simu yenye programu nane za utafiti kwa kawaida ni simu ya mtu ambaye vyanzo vyake vimetawanyika mahali nane.

Je, simu inatosha, au ni lazima niwe na kompyuta?

Kwa kutafuta, kuhifadhi na kusoma ikisiri (muhtasari ulio mwanzoni mwa makala), simu inatosha. Kwa kusoma makala ndefu, inategemea faili. PDF hushikilia umbo la ukurasa uliochapishwa, kwa hiyo makala yenye safu mbili hukulazimu kuvuta kioo huku na huko kwa kila mstari. EPUB, umbo la vitabu vya kidijitali, na ukurasa wa kawaida wa wavuti hujipanga upya kufuata upana wa kioo, na majarida mengi hutoa makala ileile katika umbo la wavuti pia, hivyo likiwepo lichague hilo. Kazi ya kuandika na kupanga hoja ifanyie kwenye kompyuta kila uwezapo, hata kama ni ya maktaba.

Jihadhari na jambo moja ambalo halionekani. Hifadhidata nyingi, yaani mikusanyo ya makala inayotafutwa mtandaoni, zikifunguliwa kwa simu, huficha vichujio na utafutaji wa kina nyuma ya kitufe kidogo, na mwanafunzi hudhani kwamba kisanduku kimoja anachokiona ndicho chote kilichopo. Mwambie mkutubi akuonyeshe kitufe hicho kilipo, au kiamuru kivinjari kionyeshe toleo la kompyuta.

Kwa nini kila nikitafuta napata ama maelfu ya matokeo ama sipati kitu?

Mara nyingi ni kwa sababu umeandika swali zima jinsi ambavyo ungemuuliza mtu. Hifadhidata ya maktaba haisomi swali. Hulinganisha maneno uliyoandika na maneno yaliyomo katika kumbukumbu zake. Tuseme swali lako ni hili: je, kukosa usingizi kunaathiri matokeo ya mitihani ya vijana? Humo mna dhana tatu tu, nazo ni usingizi, mitihani na vijana. Chukua kila dhana uitafutie maneno mengine ambayo mwandishi angeweza kuyatumia, kisha uyaunganishe hivi:

(usingizi OR kulala) AND (mitihani OR ufaulu) AND (vijana OR wanafunzi)

OR hupanua, kwa maana ya kwamba neno lolote kati ya hayo likipatikana inatosha. AND hubana, kwa kudai kila kundi liwe na mwakilishi. Liko pia NOT, la kuondoa, ambalo tunashauri litumike kwa nadra kwa kuwa hufuta makala nzuri iliyotaja neno usilolitaka mara moja tu. Mantiki hii inatokana na kazi ya George Boole, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19, na hifadhidata nyingi za kitaaluma huielewa, ingawa alama ndogondogo hutofautiana.

Alama za kunukuu huziambia hifadhidata zitafute maneno yakiwa yameshikana kwa mpangilio uleule. Hapa simu ina mtego wake: kibodi hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizojikunja, na baadhi ya mifumo haizitambui, kwa hiyo unaletewa matokeo ya ovyo bila kuelezwa sababu. Kibodi hiyohiyo hurekebisha pia istilahi isizozijua. Zima marekebisho ya kiotomatiki unapotafuta.

Nyota mwishoni mwa mzizi huleta vinyambuo vyake vyote. Elimish* italeta elimisha, elimishwa na elimishaji. Kwa Kiswahili, hata hivyo, nyota haitoshi, maana maneno yetu hubadilika mwanzoni pia. Anayetafuta mwanafunzi hatapata wanafunzi, na nyota haiwezi kumsaidia. Aandike yote mawili na kuyaunganisha kwa OR. Na kwa kuwa makala nyingi zilizomo katika hifadhidata kubwa zimeandikwa kwa Kiingereza, rudia utafutaji huohuo kwa istilahi za Kiingereza kabla hujahitimisha kwamba mada yako haijaandikiwa.

Ukipata makala moja inayofaa kweli, acha kutafuta kwa muda uichunguze. Chini ya ikisiri huwa kuna vichwa vya mada vilivyopangwa na wataalamu wa hifadhidata, na hayo ndiyo maneno ambayo mfumo wenyewe unayatumia. Yachukue uyatafutie upya. Angalia orodha ya marejeleo yake, ambayo hukurudisha nyuma kwa waliotangulia, halafu utumie kiungo cha waliorejelea makala hiyo, kilichomo katika Google Scholar na katika hifadhidata kadhaa, ambacho hukupeleka mbele kwa walioandika baadaye. Kwa njia hiyo makala moja nzuri huzaa kumi.

Kila utafutaji uliofanikiwa uuandike katika daftari la simu: msemo wenyewe kama ulivyouandika, jina la hifadhidata, tarehe, na idadi ya matokeo. Inachukua nusu dakika. Siku msimamizi wako atakapouliza ulitafutaje, jibu litakuwepo.

Nimeipata makala lakini naambiwa nilipe. Nifanyeje?

Usilipe kwanza. Inawezekana sana kwamba maktaba yako imeshalipa, ila tovuti haijui kuwa wewe ni mwanachama wake. Ukiwa kwenye mtandao wa chuo, tovuti hukutambua yenyewe. Ukiwa nyumbani ni lazima upitie lango la maktaba na kuingia kwa nywila yako ya chuo. Rudi kwenye tovuti au programu ya maktaba, tafuta kichwa cha makala hapo, na uifungulie hapo badala ya kuifungua kutoka kwenye injini ya utafutaji. Wengi waliokata tamaa walikuwa na ruhusa tangu mwanzo.

Ikishindikana, tafuta toleo la ufikiaji huria, yaani linalosomwa bure. Waandishi wengi huweka nakala ya makala yao katika hifadhi ya chuo chao, na Google Scholar hukusanya nakala hizo chini ya kiungo cha matoleo yote. Orodha ya DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi, hukusanya majarida ambayo yote yanasomwa bure. Vyuo vya nchi za kipato cha chini na baadhi ya vile vya kipato cha kati vinaweza pia kuwa vimesajiliwa katika Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 na sehemu yake ya afya iitwayo Hinari. Usajili ni wa taasisi na si wa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo anayejua nywila ni mkutubi. Baada ya hapo kuna uazimanaji kati ya maktaba na maktaba, na kuna kumwandikia mwandishi barua pepe ya adabu, jambo ambalo watafiti wengi hulipokea vizuri.

Katalogi ya simu inasema kitabu kipo, mbona rafuni hakipo?

Huenda kipo, na umekipita. Katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba kulingana na mada, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, tarakimu zinazofuata nukta husomwa kama desimali. Kitabu cha 370.15 hukaa kabla ya kile cha 370.2, ingawa jicho linaona 15 na kudhani ni kubwa kuliko 2. Mwanafunzi aliyeshika simu yenye namba sahihi anaweza kupekua upande usio wake kwa dakika kumi nzima. Piga picha ya skrini yenye namba kamili pamoja na zile herufi za mwisho, kwani herufi hizo ndizo zinazotenganisha vitabu vya namba moja. Ukishafika hapo tazama pia vitabu vya jirani, kwa sababu vinahusu mada hiyohiyo na katalogi haikukuonyesha vyote. Kama bado hakionekani, kinaweza kuwa kwenye toroli la vitabu vilivyorudishwa au mezani kwa mtu.

Je, inafaa kupiga picha kurasa za kitabu badala ya kunakili kwa mkono?

Inafaa, mradi picha ya kwanza iwe ya ukurasa wa jina la kitabu na ya pili iwe ya nyuma yake, penye mchapishaji, mwaka na ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu. Hapo ndipo uanze kurasa unazozihitaji, ukihakikisha namba ya ukurasa imo ndani ya picha. Picha mia moja zisizo na kitabu chao ni sawa na kutokuwa na kitu. ISBN ya kitabu kilichotolewa tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13, na baadhi ya programu za marejeleo husoma msimbo pau wake kwa kamera na kujijazia taarifa zilizobaki.

Programu za skana hugeuza picha kuwa maandishi unayoweza kuyatafuta. Ukinukuu kutoka humo, linganisha na picha neno kwa neno, kwani kivuli cha mkunjo wa kitabu hutosha kuigeuza 3 kuwa 8. Kuhusu hakimiliki, sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi, lakini kunakili sehemu ndogo kwa kujisomea na kusambaza kitabu kizima katika kundi la WhatsApp ni mambo mawili tofauti kabisa, na la pili hatulishauri popote.

Programu imenitengenezea orodha ya marejeleo. Bado niikague?

Ndiyo, mstari kwa mstari. Programu huchukua taarifa kama zilivyoandikwa na mchapishaji au tovuti, na taarifa hizo huwa na kasoro: kichwa chote kwa herufi kubwa, jina la ukoo na jina la kwanza yamebadilishana nafasi, taasisi imegawanywa kana kwamba ni mtu mwenye majina mawili, au kurasa hazipo. APA, mtindo mmojawapo wa kuandika marejeleo, ambao toleo lake la saba lilitoka mwaka 2019, hautarekebisha makosa hayo. Utayapanga tu kwa unadhifu. Kwa makala za majarida, hakikisha DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala, imo. Huanza na 10 na nukta, na ukiitanguliza kwa https://doi.org/ inapaswa kukufikisha kwenye makala yenyewe. Isipokufikisha, kuna jambo la kuchunguza.

Nitajuaje kama chanzo ni cha kuaminika?

Usikitazame chenyewe tu. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo na wakaguzi wa habari walipokuwa wakipima tovuti wasizozijua. Wanahistoria na wanafunzi walidanganywa mara kwa mara na nembo nzuri na majina ya heshima, kwa kuwa walibaki ndani ya tovuti wakiisoma kutoka juu hadi chini. Wakaguzi walitoka haraka, wakafungua kurasa nyingine na kuuliza wengine wanasema nini kuhusu tovuti hiyo, na kwa muda mfupi zaidi walifikia hitimisho lililo sahihi zaidi. Kwenye simu hili linahitaji nidhamu, kwa kuwa kurasa zilizofunguliwa hufichana na uvivu wa kuhama ni mkubwa. Zoea kushikilia kidole juu ya jina la taasisi au la mwandishi na kulitafuta katika ukurasa mpya kabla hujasoma aya ya pili.

Hata jarida lenye sifa halimalizi swali. Mwaka 1998 The Lancet lilichapisha makala iliyohusisha chanjo ya MMR (ya surua, matubwitubwi na rubela) na usonji kwa watoto, na halikuiondoa rasmi hadi mwaka 2010. Katika miaka hiyo 12 makala iliendelea kurejelewa. Tangu mwaka 2019 Zotero huonya pale chanzo ulichohifadhi kinapoonekana katika orodha ya makala zilizoondolewa inayotunzwa na Retraction Watch. Onyo hilo usilipuuze, na usidhani pia kwamba pasipo onyo makala ni salama.

Naweza kuitumia akili bandia kunitafutia vyanzo?

Inaweza kukusaidia kufikiria maneno mengine ya kutafutia, kurahisisha swali pana mno, au kukueleza istilahi ngeni. Kukupa orodha ya marejeleo ni jambo jingine. Mifumo ya mazungumzo inaweza kutunga kichwa cha makala kinachoaminika, ikakipa mwandishi halisi na jarida halisi, na makala yenyewe isiwepo duniani. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha maamuzi ya kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, yaliyobuniwa na ChatGPT. Kama mawakili walinaswa, mwanafunzi hana kinga. Kila chanzo ulichopewa kitafute katika katalogi au kwa DOI, ukifungue, ukisome, kisha ndipo ukiingize katika orodha yako. Fuata pia kanuni za chuo chako kuhusu kueleza ulivyoitumia.

Bando langu ni dogo na simu imejaa. Nifanye nini?

Tafuta ukiwa popote, lakini pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba. Zuia programu ya marejeleo isipakue mafaili yote yenyewe. Taarifa za kibibliografia ni nyepesi mno, uzito uko kwenye PDF, hasa zile zilizoskaniwa. Hifadhi ya mtandaoni ya bure ya Zotero ni megabaiti 300, ambazo hujazwa haraka na mafaili lakini haziguswi na orodha yenyewe. Kwa ensaiklopidia ya kuanzia, Kiwix hukuwezesha kuwa na Wikipedia ndani ya simu na kuisoma pasipo intaneti.

Programu ninayoitegemea ikifungwa je?

Hilo hutokea. Mendeley, iliyonunuliwa na Elsevier mwaka 2013, iliondoa programu yake ya simu mwaka 2021, na waliokuwa wakisomea humo walilazimika kubadili mazoea. Kabla hujaweka vyanzo vingi katika programu yoyote, angalia kama inaruhusu kuvitoa kwa RIS au BibTeX, maumbo ambayo karibu programu zote za marejeleo huyapokea. Kisha vitoe kweli, kila mwisho wa mwezi, na faili ulitume kwenye barua pepe yako.

Programu hizi zinajua nini kunihusu?

Zinaweza kujua ulichotafuta, ulichosoma na muda uliotumia. Wakutubi kwa desturi hutunza siri ya msomaji, ila kampuni inayotengeneza programu haifungwi na desturi hiyo. Programu ya kusomea inayoomba orodha ya watu wako wa simu au mahali ulipo inyime. Ikikataa kufanya kazi kwa sababu hiyo, ifute.

Pamoja na haya yote, bado namhitaji mkutubi?

Unamhitaji, hasa unapokuwa umekwama baada ya kujaribu. Nenda dawatini na lile daftari la simu lenye misemo uliyoitumia, naye kwa kuitazama tu ataona penye tatizo, kama ni neno lisilotumika katika fani hiyo au hifadhidata isiyo ya mada yako. Programu nyingi za maktaba zina pia sehemu ya kumwandikia mkutubi moja kwa moja. Ukiitumia, usiandike kwamba unataka makala kuhusu elimu. Andika swali lako kwa sentensi moja, hifadhidata ulizokwisha kupekua, maneno uliyotumia, makala moja iliyokaribia unachokitaka, na tarehe ya kukabidhi kazi.